Mdundo wa Polepole Wapata Wenyewe

Mdogo wangu alikuwa na imani moja tu kuhusu biashara: kizuri chajiuza. Mimi nashona nguo, ndiyo riziki yangu, na naapa aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kufungua duka. Gauni zuri nisipolitundika mlangoni, mteja wake wa kwanza atakuwa panya.

Yeye kazi yake ni milio. Katika chumba cha nyuma ya mashine zangu, kilichotengwa kwa ubao mwembamba, hurekodi vijiko, mifuniko ya sufuria, hata mkasi wangu ukipita kwenye kitambaa. Kutokana na milio hiyo hutengeneza lupu, yaani vipande vifupi vya mdundo vinavyojirudia, ili mtu mwingine avitumie kwenye wimbo wake. Mtaa mzima unamwita Kijiko. Ana kipaji, na mimi si mtu wa kusifu ovyo, hata kama ni ndugu yangu.

Tatizo lilikuwa wanunuzi. Aliwapelekea vijana wenzake wanaotengeneza muziki. Wakasikiliza, wakamwandikia "moto huo, kaka!", wakaishia hapo. Kila mmoja alikuwa na vijiko vyake kwao.

"Unampelekea mwokaji mkate," nilimwambia. "Huko ni kumpigia mbuzi gitaa."

"Afadhali mbuzi, dada. Mbuzi hawezi kukwambia 'moto huo' halafu akala kona."

Tulicheka, lakini chake kilikuwa kicheko cha kuazima. Wiki ile ile alikubali kurudi kwenye ghala la saruji, alikotoka na kikohozi kilichomnyima mama yetu usingizi, na akapata mtu wa kununua kompyuta, spika na maikrofoni zake. Mtu huyo angekuja Ijumaa jioni. Niliogopa, nasema kweli. Kijiko asiye na kile chumba namjua: hujibu "poa" kwa kila kitu na hasikii utamu wa chochote.

Ijumaa mchana alikuwa nyuma ya ubao akijaribu vifaa, mnunuzi asije akasema ni vibovu. Mbele nilikuwa na mteja, mama mmoja mtaalamu wa viungo, anayewafundisha kutembea upya watu waliopigwa na kiharusi. Alikuwa akilipima koti lake la kazi nililompanulia. Ghafla Kijiko akawasha ule mdundo tuliouita Kobe: mkasi, kishindo cha meza, mkasi, kishindo, taratibu. Wanamuziki wote waliukataa. Walisema unalaza watu.

Yule mama akaacha kufunga vifungo.

"Redio gani hiyo?"

"Si redio, ni mdogo wangu. Ngoja nimwambie apunguze sauti."

"Usithubutu! Hauna maneno kabisa?"

"Hauna."

"Na unajirudia tu hivyo hivyo?"

"Utachoka wewe, wenyewe hauchoki."

Akavuta kiti, akanimwagia yaliyomkaa rohoni. Wagonjwa wake hutembea vizuri zaidi wakiwa na mdundo wa kufuata, kwa hiyo yeye hupiga makofi kutwa hadi viganja vinawaka. Akiwawekea nyimbo za redioni, wanasimama katikati ya chumba kusikiliza maneno. Mmoja analilia mapenzi ya ujanani, mwingine anabishana kuhusu mwimbaji, na mazoezi yanakufa. Wenzake wa vituo vingine wana kilio hicho hicho.

Nilimwita Kijiko. Alisikiliza yote, akanuna.

"Muziki wangu kwa wagonjwa, dada? Wenzangu wakiniuliza niseme nini?"

"Sema una wateja. Beba kompyuta."

Kituo chake kilikuwa mtaa wa pili. Chumba kirefu, sakafu ya mpira, vyuma viwili vya kushikilia. Kati ya vyuma alisimama dereva mstaafu, mguu wake wa kushoto ukiburuta. Kijiko akamwamkia, akawasha Kobe. Mzee akainua mguu, akachelewa, akakwama, akatusi chini kwa chini.

Nikasema moyoni, basi tena, saruji hiyo. Lakini mdogo wangu akachuchumaa karibu na ule mguu, akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza hata mmoja wa wale vijana wa moto huo.

"Mzee wangu, niufanyeje?"

"Upunguze mwendo, kijana. Mguu huu haukimbizwi. Na kile kishindo kiwe kikubwa, nijue wakati wa kukanyaga."

Akaurekebisha pale pale, kompyuta ikiwa gotini. Mzee akatega sikio kidogo, kisha akaingia: mkasi, mguu, kishindo, mguu. Akafika mwisho wa vyuma, akageuka bila kuambiwa, akarudi. Mtaalamu alikuwa ametia mikono yake mfukoni.

"Nataka mwingine mwepesi kwa wanaokaribia kuruhusiwa," alimwambia Kijiko, "na mzito kuliko huu kwa wanaoanza. Na unitajie bei yako kabla sijawapigia wenzangu, maana wataniuliza."

Kijiko aliiweka kompyuta mezani, akatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi, simu sikioni.

"Usije, kaka. Nisamehe sana, siuzi tena. Vifaa vina kazi."

Akakata simu, akalia waziwazi, kamasi na yote. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, ukayeyuka. Nikakaa kando yake, nikamshika bega, nikacheka huku machozi yakinitoka. Tangu aliponiambia habari za saruji sikuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Mlango ukafunguliwa, mtaalamu akachungulia.

"Mwanangu, kompyuta yako imezimika, na mzee amekwama katikati. Anasema makofi yangu hayataki tena."

Kijiko akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakimbilia ndani.