Foleni Tatu

Skrini ilipoita namba moja, watu watatu walisimama, na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Niliwaona kupitia kioo cha chumba kidogo nilimojibanza na laptopu yangu, nyuma ya mapokezi ya kliniki ya macho. Mzee mwenye bandeji alionyesha karatasi yake. Mwanamke mwenye kikapu akaonyesha yake. Mama aliisogeza ya kwake hadi puani, maana mbali zaidi ya hapo hakuwa akisoma tena. Kila mmoja alikuwa wa kwanza. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka.

Siku iliyotangulia, programu hiyo ya foleni ilifanya kazi kwenye laptopu yangu bila hata kukohoa. Tuliifunga kwenye kontena, yaani yenyewe pamoja na kila inachohitaji, kama mtu anavyofunga chakula cha safari, tukaipandisha kwenye klasta, zile kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Bosi wangu, tuliyemwita Kijani kwa jinsi alivyopenda kuona taa za kijani tu, akataka ziendeshwe nakala tatu, moja ikianguka nyingine ishike. Asubuhi zote tatu zikawaka kijani. Akasugua mikono, akaenda kutafuta kahawa.

Hakuna aliyekumbuka kwamba foleni yenyewe ilikaa kichwani mwa programu. Nakala tatu, vichwa vitatu. Kila dawati la mapokezi liliunganishwa na nakala yake, na kila nakala ilihesabu kuanzia moja kana kwamba duniani hakuna mwingine. Dawati la tatu lilichelewa kufunguliwa. Mama, aliyefika ukumbi umeshafurika, akawa wa kwanza pale.

Daktari bingwa alikuwa mgeni. Angewaona wagonjwa hadi saa sita, awapasue hao jioni, kisha aondoke, na kurudi kwake kulikuwa majaliwa. Presha ya jicho la kushoto la mama ilikuwa inapanda. Daktari wetu wa kawaida alikwisha kusema wazi kwamba jicho hilo lisipopasuliwa mapema litazima. Wiki nzima sikukaa nikatulia.

"Zima mbili, bakiza moja," Kijani alisema, aliporudi na kahawa yake.

"Ipi?"

"Yoyote, bwana! Fanya haraka, watapigana hao."

Nikafungua nakala moja baada ya nyingine. Katika ile ya tatu, jina la mama lilikuwa juu kabisa. Amri moja tu, na ningekuwa nimemtii bosi. Nani angeniuliza? Damu ni nzito kuliko maji, na vidole vyangu vilishafika kwenye herufi. Lakini nyuma ya kioo yule mzee mwenye bandeji, niliyemkuta mlangoni wakati naingia alfajiri, alikuwa bado amesimama, karatasi mkononi, akiisubiri mashine iamue. Nilimchukia. Kweli nilimchukia, kwa kusimama pale ninapoweza kumwona.

Nikazima zote tatu.

Kijani alishika kichwa. Nilitoka hadi ukumbini, nikapanda juu ya kiti, nikasema mashine imekosea na tujipange wenyewe, kila mtu aseme alimkuta nani. Walijua. Watu wa foleni hujuana kuliko majirani.

"Mimi niko nyuma ya huyu."

"Wewe ulinikuta, usijifanye."

Msichana mmoja akamgeukia mama yangu kwa adabu. "Samahani, mama. Wewe ulitukuta sisi wote."

Mama alifungua mdomo. Akanitafuta, akanipata, akaufumba. Kisha akarudi nyuma akipapasa migongo ya viti.

Nikaanzisha nakala moja tu, nikaingiza majina kwa mpangilio wao. Ilifanya kazi bila kosa. Saa sita ilipofika, mbele ya mama walikuwa wamebaki watu wachache sana. Daktari aliporudi mji ule, jicho lilikuwa limeshazima.

Hatukulizungumza. Nilibadilisha kazi, nikabadilisha na mji, na hata leo siwezi kukaa kwenye chumba cha kusubiri. Hutoka nje nikazunguka jengo mpaka niitwe.

Mwaka jana tulikuwa tunashuka ngazi za nyumbani kwangu, mimi upande wake wa kushoto kama kawaida. Akasimama katikati.

"Siku ile, ungeweza kuniacha wa kwanza?"

"Ningeweza, mama."

"Ungeniacha, ningeingia," alisema. "Usije ukadhani ningekataa."

"Najua."

"Nisingegeuka hata kumtazama yule mzee."

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaushika kwa nguvu.

"Haya, twende," alisema. "Niambie ngazi zikiisha."