Kibuyu Kilichoachwa Langoni

Mwaka ule wa vita, shangazi yenu Blandina alikuwa langoni mwa bandari ya Tanga, akikagua mizigo ya akina mama waendao Pemba kwa meli. Tangu apate kazi hiyo hakuwa amekanyaga kwetu Rhotia. Jioni nilikuwa nikitenga sahani yake, kisha nairudisha kabatini.

Nikamgandishia maziwa katika kibuyu nilichokifukiza moshi, kama alivyopenda. Nikakiziba kwa nta, nikakishonea ngozi ya kondoo, nikampa Inosenti, utingo wa lori la maharage liendalo Tanga.

"Bibi, mbona huandiki jina lako?"

"Nijitangaze kwa mwanangu? Atanijua tu."

Kwetu mtoa zawadi hajitaji, kujitaja ni majivuno.

Krismasi Blandina akaja mwenyewe. Hata viatu hajavua, nikamuuliza habari za maziwa. Akatazama moto.

"Mama, Inosenti hakunikuta. Lori lilimharakisha, akakiacha ukutani akakimbia. Niliporudi, watu wamekizunguka. Nasi tumefundishwa: mzigo hauna mwenyewe, hauna jina, unavuja, aliyeuleta katoweka, usiuguse, huenda ni bomu. Watu wasogee, askari waitwe. Na ule ulikuwa unalia, ssss!"

"Maziwa yanachacha!" Jirani yangu Bernadina, aliyekuja kumlaki, alicheka hadi akashika ubavu. "Mama yako kakiziba kama kaburi!"

Mimi sikucheka. "Hukuutambua mshono wangu?"

"Niliutambua. Na moshi wa jiko hili niliusikia. Ila sikujua njiani mtu katia nini. Palikuwa na mama ana mtoto mgongoni, karibu kabisa. Nikanyoosha mikono, nikawarudisha wote nyuma. Askari wakakisukuma kwa mti mrefu, kikapasuka. Maziwa yote mchangani."

"Nawe?"

"Nilisimama pale pale mpaka watu wakatawanyika. Mkubwa wangu akanipa leso yake, hakuniuliza kitu."

Nilimwombea heri mkubwa huyo nisiyemjua. Kisha nikamwambia mwanangu, "Ulifanya vema. Yule mtoto naye ana bibi yake."

Hapo ndipo alipolia. Nikammiminia maziwa ya asubuhi hiyo. Alikunywa polepole, akasinzia begani kwangu na kikombe mkononi. Bernadina akatoka kwa kunyata, akauvuta mlango taratibu. Bega likafa ganzi, nami sikusogea. Ataondoka lini, sikumuuliza.