Barafu ya Naima

Hapa mtaani Area D hakuna aliyewahi kula barafu ya bure kwa Mwanaidi. Hata kaka yake Hashimu, alipokuwa kaishiwa nguvu kwa homa, alilipa ndipo akapewa. Lakini binti yake Naima, mhandisi, alipopata kazi ya kukokotoa nguvu za barafu ya baharini, Mwanaidi alimtangaza nyumba kwa nyumba, na hilo hakumtoza mtu.

"Shoga, mtoto wa muuza barafu kaenda kusomea barafu!" jirani yake Joha alicheka. "Si ungemfundisha mwenyewe?"

Naima alikuwa amemweleza mama yake kwa beseni la maji na kifuniko cha sufuria kilichofungwa kamba: huko kaskazini vyombo vya kuchimbia mafuta huelea vikiwa vimefungwa minyororo hadi chini kabisa ya bahari, na barafu pana kuliko mtaa huja kuvisukuma. Wakubwa wake wa Ulaya walishikilia kwamba minyororo huelemewa zaidi barafu ikiwa nene. Naima, ambaye hajawahi hata kuikanyaga barafu hiyo, aliwaambia hapana: huelemewa zaidi barafu inapogeuka ghafla na kukikumba chombo ubavuni, hata ikiwa nyembamba. Sasa wangejaribu kwa chombo kidogo, kwenye bwawa lao la barafu. Akikosea, kazi yake yote inatupwa, na Joha anapata wimbo wa mwaka mzima.

Siku ya jaribio mama na mwana walikaa mbele ya kompyuta kulitazama bwawa la Ulaya moja kwa moja. Barafu nene ikaja kwa mbele, ikapinda kwenye pua ya chombo, ikapasuka vipande vipande.

"Masikini, imevunjika!" Mwanaidi akashika kichwa. Kwake yeye barafu ikivunjika ni hasara.

"Mama, tulia. Tunataka ivunjike."

Ikaja nyembamba. Ikageuka. Chombo kikachelewa kugeuka nayo. Ikarundikana ubavuni, minyororo ikakaza, na mstari wa vipimo vya mkazo wake ukapanda mpaka ukaupita ule wa barafu nene. Mzee mmoja kati ya wale wakubwa wa Ulaya akasema jambo kwa Kiingereza, polepole. Naima akafunika uso.

"Kasema nini?"

"Kasema nilikuwa sahihi, mama. Wataisanifu upya minyororo."

Mwanaidi hakupiga kigelegele. Alikwenda kwenye friza, akajaza beseni barafu za ubuyu, akatoka nazo nje. Wa kwanza kumkuta alikuwa Joha, ambaye alianza kufungua pindo la kanga atoe sarafu.

"Acha," Mwanaidi akasema, machozi yakimtiririka na wala hayafuti. "Ya leo ni ya mwanangu. Haiuzwi."