Mstari wa Mama

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mstari mzima wa nyanya karibu na mlango wa kitalu nyumba ulikuwa umelala, majani yananing'inia kama nguo mbichi. Na jana tu ile miche ilikuwa imesimama wima!

Mama alifika, akatazama, akashika kiuno. "Basi. Yaleyale. Namwambia yule bwana anayelitaka shamba aje ajenge maghala yake."

Hapo ndipo aliponikata maini. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umetumalizia nyanya msimu baada ya msimu, na mama alikwisha kuapa: zikinyauka tena, shamba linauzwa. Mimi ningekwenda wapi? Ofisini? Mimi huyu nisiyetulia kitini hata nikiwa nakula?

Matumaini yangu yote yalikuwa kwa dada yangu mkubwa, mtafiti katika kituo cha mboga na matunda. Ndiye aliyetuletea miche ya kubebesha: juu nyanya, chini shina na mizizi ya biringanya pori. Huko kituoni waliimwagilia maji yenye vijidudu vya mnyauko, makusudi kabisa, nayo ikagoma kufa. Nikampigia simu huku nafoka.

"Dada, vitu vyako vinakufa!"

"Vyote?"

"Mstari mmoja."

"Mmoja tu?" Sauti yake ilichangamka, hata nikatamani kumzaba kibao. "Usiguse kitu! Nakuja."

Alikuja na viatu vyake vya ofisini, akapiga magoti topeni, akafukua shina kwa vidole. Akafukua la pili. Kisha akaruka juu, mtu mzima na shahada zake zote.

"Nani kapandishia udongo hapa?"

Mama akaanza kukagua kucha zake.

"Mama?"

"Sasa nyanya gani haipandishiwi udongo?" Mama akaja juu. "Tangu niwajue watu na nyanya, shina linafukiwa lipate nguvu. Nilitaka kuwasaidia! Ningemaliza kitalu kizima, basi tu kiuno kiligoma."

Dada alicheka hadi machozi. Alituonyesha kovu, pale nyanya ilipoungwa na biringanya. Mama alikuwa amelifukia. Nyanya ilipoguswa na udongo ikatoa mizizi yake yenyewe, na vijidudu vikapitia humo. Kwenye mistari mingine kovu lilikuwa juu, na miche imenawiri, maua tele.

"Mama, umetufanyia jaribio! Miche ileile, maji yaleyale, tofauti ni udongo wako tu. Kiuno chako kimeokoa shamba."

"Kishukuruni basi," mama akasema, bado kanuna.

Nilikimbia mstari hadi mstari nikikagua makovu. Liko juu! Na hili liko juu! Nilitamani kumkumbatia kila mche. Niliporudi, mama alikuwa amechuchumaa kando ya dada, anabonyeza lile kovu kwa kidole.

"Hivi mche mnaukataje bila kuuua?"

"Kwa wembe, mama. Mkono usitetemeke."

"Wangu hautetemeki. Msimu ujao miche ya mstari huu nitaibebesha mwenyewe. Na mtu asije kunisimamia kichwani."

Msimu ujao! Kasema kwa mdomo wake, wala hakujisikia. Dada alinibana mkono, nami nikambana wake, tukanyamaza kimya tusije tukamkumbusha.