Magoti ya Gladness

Pasaka iliyopita, Gladness alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kama mke mwema wa Kisukuma anavyopaswa, akasalimia kwa heshima zote, kisha akabaki palepale. Haukuwa unyenyekevu. Alishindwa kuinuka. Ilibidi mumewe, Elias, na shemeji yake wamnyanyue huku na huku kama gunia la dagaa linalopakiwa kwenye fuso pale soko la samaki la Mwaloni. Ukoo mzima ulinyamaza kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko kicheko. Mama mkwe aligeuza uso pembeni.

Gladness akaapa kwamba mama mkwe akija tena, atainuka mwenyewe. Akaulaumu unene wake na kuutangazia vita. Sato akapigwa marufuku nyumbani, maharage yakafukuzwa, mayai yakaenda uhamishoni. Yakabaki kabichi na maji ya ndimu.

Mzani ukamsifu. Majirani wakamsifu. Miguu tu ndiyo iliyokataa kusifu. Nyumba yao iko juu ya mawe ya Ilemela, na sasa alisimama kila baada ya jiwe, akijifanya anatazama ziwa. Siku moja aliinama kuokota kijiko, akajikuta ameukumbatia mguu wa meza.

"Baba Mihayo, nina ugonjwa," alimwambia mumewe. "Nitakufa nikiwa mwembamba."

"Wabeba jeneza watashukuru," alisema Elias, lakini hakucheka. Siku hiyohiyo alimpeleka zahanati.

Huko walimkuta Justa, binti mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kumpima miguu, aliuliza, "Mama unakula nini?"

"Kabichi," Gladness alijibu kwa fahari.

"Na nini?"

"Na kabichi."

Justa akashusha pumzi. "Miguu yako haina ugonjwa, mama. Ina njaa."

"Njaa? Na unene huu?"

"Unene ni mafuta. Msuli ni kitu kingine. Ni kama ukuta wa udongo: kila siku unabomoka kidogo, kila siku unakandikwa upya. Udongo wake ni protini. Ulipoacha samaki na maharage, mwili ukala mafuta, sawa, lakini ukala na nyama ya mapaja."

"Basi leo narudi kwa sato!"

"Rudi, ila sato peke yake hatoshi. Mwili ukiwa na mafuta mengi, mara nyingi fundi wake anakuwa mzito. Unamletea udongo, yeye kalala. Mazoezi ndiyo yanayomwamsha."

Gladness aliinua mikono mbinguni. Hana ugonjwa! Ana fundi mvivu tu, na mafundi wavivu aliwajua vizuri. Ndio waliomjengea nyumba.

Kuanzia hapo akala sato, akakaa na kuinuka kwenye kigoda, akapanda mawe na ndoo ya maji kichwani. Chumbani alilisalimia kabati: magoti chini, inuka, magoti chini, inuka. Hakuna kabati la Ilemela lililowahi kuheshimiwa hivyo. Mzani ukagoma kushuka kwa kasi ya zamani, akaufunika kanga.

Asubuhi moja mama mkwe akafika, akaketi. Elias akasogea, mikono tayari. Gladness akamkata jicho, akashuka magoti.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Gladness akakita mguu mmoja, paja likalalamika, akainuka.

Mama mkwe akaweka kiganja sikioni. "Sikusikia vizuri."

Akashuka tena. Akasalimia. Akainuka.

"Hebu upande huu. Sikio hili ndilo zima."

"Mama!" Elias alishindwa kuvumilia. "Umesikia!"

"Nilisikia tangu mwanzo. Nataka kuona." Kikongwe akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mama yangu alianza hivihivi. Akashindwa kuinuka, kisha kitanda kikamchukua moja kwa moja. Tangu Pasaka silali, mwanangu. Nilidhani nitakuzika."

"Mimi nilidhani umenidharau!"

"Nikudharau kwa magoti? Yangu yenyewe ukiyasikia yanavyolia! Umewezaje?"

Elias, bila aibu, akamsimulia habari za kabati. Mama mkwe akasikiliza kwa makini, akanyoosha mkono ainuliwe, na Gladness ndiye aliyemvuta, kwa mkono mmoja.

"Nioneshe hilo kabati," alisema. "Na mchana nataka sato."

Siku hiyo kabati lilisalimiwa na mtu na mkwewe, wakishikana mabega, wakicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.