Sahani Moja Mikelenge

Jacqueline aliteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya dada yake pale Mikelenge, mjini Kindu, akiwa na sanduku la magurudumu, na magurudumu yakazama matopeni palepale. Fidélie akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini hata chai haijapoa, kicheko kilikuwa kimemkauka, maana mdogo wake alisema kilichomleta.

"Yaya, dada yangu, nimefuata Glodi. Nipe nimulee Lubumbashi. Hata miye nilitolewa, shangazi akanilea, na ukiniangalia, nimekosa nini?"

Haya! Kwa watu wa Kindu, kumpa ndugu mtoto amlee si jambo la kushangaza, wala kukataa si jambo jepesi. Glodi alikuwa binti wa kwanza wa Fidélie, miaka tisa, mwepesi wa kushika masomo, na huko Lubumbashi kulikuwa na shule ambazo mshahara wa Archange, mumewe, mwalimu, usingezisogelea. Archange alipoulizwa akasema, "Wewe njo mama. Utakalosema, niko nyuma yako," akaenda zake kufundisha. Wanaume, bwana!

Fidélie akaomba siku tatu.

Siku hizo Jacqueline alizitumia kukagua nyumba kama askari wa forodha. Aliona watoto wakioga kwenye beseni moja, mdogo kwanza, mkubwa mwisho, kisha maji yale yakimwagiwa matembele uani. Aliona shuka lililochakaa katikati likiwa limepasuliwa na kushonwa upya, kingo zikawa katikati. Aliona sabuni nyeusi ambayo dada yake alipika mwenyewe kwa mawese yaliyochacha na majivu ya maganda ya ndizi. Akamshika Glodi mkono, akaupima kwa vidole viwili, akaguna.

"Yaya, bado muko mu vita?"

"Vita ilikwisha," Fidélie akajibu huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Akili njo haikukwisha."

Alijibu kwa kiburi, ila neno lile lilimchoma. Akili hiyo aliipata kwa mama yao, Mama Bitota. Vita ilipokata reli, baba yao, mfanyakazi wa reli, alikuwa safarini na treni upande wa Katanga, akanaswa huko. Mama Bitota akabaki Kindu na watoto watatu, Fidélie, Rigobert na Jacqueline, mshahara hakuna, chumvi ikinunuliwa kwa kijiko cha chai. Akapika sabuni. Akageuza mapazia kuwa sketi. Mchana alilima, jioni alishona, na watoto wake hawakuonekana wachafu hata siku moja. Mwanamke yule, jamani! Mpaka leo Fidélie akikwama hujiuliza kwanza Mama angefanyaje.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomshinda Mama Bitota. Jacqueline, mwenye miaka sita, kifua kilimbana, na dawa mjini hazikuwapo. Shangazi yao wa Goma akaja na ndege ya mizigo, akamchukua mtoto, na amani iliporudi akahamia naye Lubumbashi. Mama alipofariki, ndege zilikuwa zimesimama, na Jacqueline hakuwahi kuzika.

Basi Fidélie alijiuliza: ikiwa Mama alimtoa wake, yeye ni nani hata amzuie Glodi? Siku ya tatu, alipokuwa anasonga bugali, moyo wake ulikuwa umekwisha kukubali. Ulikuwa unauma, uongo hausaidii, lakini ulikuwa umekubali.

Watoto wake watatu walikula sahani moja kubwa ya bati. Fidélie akachovya mwiko kwenye maji, akaugawa bugali kwa mistari, kila mmoja upande wake, mkubwa asimpunje mdogo. Jacqueline, aliyeandaliwa mezani pamoja na shemeji yake, kwa mara ya kwanza akatupa jicho chini kwenye mkeka. Akahesabu. Akasimama.

"Watoto watatu, vipande vine! Wanakonda hivi, na unaficha cha kesho? Huu si utunzaji, yaya. Huu ni uchoyo!"

Glodi akamtazama kwa mshangao. "Ile njo ya kwako, mama mudogo."

"Ya kwangu iko hapa mezani."

"Hiyo ni ya ugeni. Ile ni ya kwako ya kila siku."

Fidélie akaweka mwiko chini. Hakuwahi kufikiri kwamba jambo lile lingehitaji maelezo.

"Siku ndege ilikubeba, Mama alikata vipande vitatu, na tulibaki wawili. Rigobert akanyoosha mukono, akapigwa kibao. 'Ile ya mwenzenu!' Tukimaliza zetu, Mama anataja jina lako, kisha anatugawia. Kila siku, Jacqueline. Hata siku bugali ilikuwa ya ngumi moja. Alipokufa, miye nikaendelea."

Jacqueline akakaa palepale kwenye mkeka, na gauni lake la kusafiria.

"Miye nilijua walipunguza mudomo wa kulisha," akasema. "Miaka yote hii, yaya. Nilisema Mama alitafuta wa kupunguza, akaniona miye."

"Haukupunguzwa."

Akalia kwa sauti, majirani wasikie wasisikie. Fidélie akamkumbatia, naye akalia, maana ya kulilia yalikuwa mengi. Archange akasogeza kiti, asijue aketi au atoke.

Alipotulia, Jacqueline akajifuta uso kwa ncha ya kitenge cha dada yake. "Glodi abaki. Akikuwa, akipenda, aje mwenyewe. Miye sitamubeba."

Kisha akanawa, akasogea kwenye sahani. Nestor, kitinda mimba, miaka mitatu, alikuwa amelisikia jina la mama mdogo likitajwa, na kwa desturi yao jina likitajwa, kipande cha nne hugawanywa. Akanyoosha mkono. Glodi akaushika.

"Acha, Nestor. Leo mwenyewe iko."