Ufunguo wa Pili wa Chumba Namba Tatu

Sitamung'unya maneno: nilimwonea wivu. Tena si wivu wa kutaniana. Ni ule wa kukosesha mtu hamu ya kula, wa kunifanya nishone mkono wa shati nje ndani huku namsikia akicheka na mama yangu uani. Mama yangu! Aliyenizaa mimi, si yeye.

Baba alipofariki, mama aliamua kupangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo kilicho ng'ambo ya barabara. Vyumba vitatu, bafu moja, bomba moja uani. Chumba namba tatu kilikuwa changu tangu nikiwa mtoto. Nikahamishiwa chumbani kwa mama, na cherehani yangu ikawekwa kwenye korido, mahali ambapo kila anayekwenda kuoga lazima anipite na taulo lake. Sikulalamika. Pesa ilihitajika, na mimi mtihani ulishaniangusha mara mbili, kwa hiyo chuo nilikuwa nakionea dirishani tu.

Halafu akaja huyo. Mimi nilimwita Msomi, na jina lenyewe nililitamka kwa kubetua midomo. Alikuwa anasomea uuguzi, ana koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Wapangaji wengine walimwita mama "mama mwenye nyumba." Yeye wiki ya kwanza tu alishafika kwenye "mama." Wiki ya pili mama naye akaanza: "Mwanangu, umekula?" Mwanangu! Na mimi niko hatua mbili kutoka hapo, uzi mdomoni, hakuna anayejali kama nimekula au nimemeza pini.

Mama macho yake yamepata ukungu. Watu anawaona, ila maandishi hayaoni tena. Msomi ndiye aliyekuwa akimtia dawa ya macho asubuhi na jioni. Nikasema nitamtia mimi, mbona nipo? Mama akajaribu siku moja, akajifuta mashavu, akasema, "Mkono wako mzito. Wa mwenzako mwepesi." Siku hiyo nilivunja sindano tatu.

Sasa suala la ufunguo. Mwaka jana Msomi aliniita nimpunguzie pazia, maana lilikuwa linaburuta sakafuni. Nyuma ya mlango niliona ufunguo wa pili umetundikwa kwenye msumari. Nikapima pazia, nikakata, nikashona, nikatoka. Ufunguo nao ukatoka na mimi. Naapa sikuupangia. Mkono ulitangulia, akili ikafuata baadaye ikakubali.

Kuanzia hapo, kila asubuhi akishakwenda darasani na mama akiwa kwa jirani, niliingia chumbani kwangu. Ndiyo, kwangu. Sikuiba hata kijiti cha kiberiti. Nilijilaza tu kitandani nikaangalia dari ninayoijua kila ufa. Siku nyingine nililivaa lile koti, nikasimama mbele ya kioo, nikasema, "Karibu mgonjwa, unaumwa wapi?" Siku moja nilinyoosha mikono kwa mbwembwe, kifungo cha tatu kikachomoka. Nilikirudisha mbio mbio, nikaenda kuketi kwenye cherehani kama mtu wa watu.

Haukupita mwezi, mama akatangaza kwamba amempunguzia Msomi kodi. Robo nzima! Wengine wawili wanalipa kodi kamili, yeye amepunguziwa. Nikauliza kwa nini. "Nina sababu zangu," mama akasema. Jamani, kijiba cha roho kilichonipata siku hiyo! Mimi nikiomba pesa ya kununua kitambaa naambiwa ningoje mwisho wa mwezi, yeye anapunguziwa bila hata kuomba.

Basi siku ya kuondoka ikafika, Jumamosi. Msomi amemaliza masomo, amepata kazi hospitali ya upande wa pili wa mji, anaanza Jumatatu. Alishapata chumba huko, lakini mwenye nyumba mpya anataka amana ya miezi miwili kabla ya saa sita mchana, la sivyo anampa mtu mwingine ambaye ameshafungasha. Haya yote nilimsikia akimwambia mama bombani. "Nitampelekea hiyo hiyo amana yangu, mama. Sina nyingine."

Amana yake mama aliiweka ndani ya bahasha tangu siku ya kwanza, hakuigusa hata siku tulizolalia uji. Utaratibu wetu ni mmoja: mpangaji akitoka, karatasi ya kuingilia inasomwa, vitu vinakaguliwa kimoja kimoja, na kilichoharibika kinakatwa humo. Karatasi niliiandika mimi, na kwa sababu ya macho ya mama, msomaji na mkaguzi ni mimi. Mama anaketi kwenye kiti chake mlangoni, anasikiliza, anatoa pesa kwa neno langu. Kwa siku hiyo moja, Msomi alikuwa mkononi mwangu. Nilitaka aondoke na pengo, hata dogo.

"Kitanda na chaga zake zote."

"Zipo," akasema Msomi, amebeba koti lake mkononi.

"Vioo vya dirisha, sita." Vipo. "Taa." Inawaka. Meza haina hata alama ya kikombe. Ukuta msafi, kauosha mwenyewe. Nilipekua mpaka nyuma ya mlango, hakuna kitu. Hapo nikafika mstari wa mwisho.

"Funguo mbili."

Akaweka mmoja mezani.

"Na wa pili?"

Msomi akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. Vidole vyake vikagusa kifungo cha tatu cha koti, vikakaa hapo.

"Umepotea, dada," akasema. "Uzembe wangu."

"Ukipotea, unalipia kitasa kipya na ufundi. Imeandikwa."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Hebu soma tena hapo kwenye funguo."

Nikasoma tena.

"Una hakika?"

"Karatasi ndiyo inasema, mama, si mimi."

Akaivuta bahasha karibu. Kisha akasema, "Haya. Kata."

Nikakata. Msomi alihesabu kilichobaki, akapiga simu. Nilimsikia akibembeleza: "Baba, nitaleta pungufu kidogo, nitamalizia mshahara wa kwanza." Huko upande wa pili hawakukubali, kwa jinsi alivyoshusha simu. Hata hivyo alimkumbatia mama, akapakia godoro na sanduku kwenye gari dogo la kukodi, akaondoka. Nilidhani nitafurahi. Nilijihisi kama nimekula chakula kilichochacha.

"Niletee kopo lako la vifungo," mama akasema.

"La nini?"

"Lilete."

Nikalileta. Mama akaingiza mkono ndani, akavuruga vifungo mara mbili, akautoa ufunguo. Akaupapasa meno yake kwa kidole gumba, akaniwekea mapajani.

"Blauzi yangu ilichomoka kifungo, wewe ulikuwa umetoka, nikajitafutia mwenyewe," akasema. "Ni muda sasa. Kusoma siwezi, lakini ufunguo na kifungo bado navitofautisha."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja useme. Hata leo nimekusomesha mara mbili." Akahesabu pesa niliyokata, akanikabidhi. "Mpelekee kabla ya saa sita. Na umwambie kwa mdomo wako ufunguo ulikuwa wapi."

Nikalipuka. Nilikuwa nimekamatwa na bado nikalipuka, ndivyo nilivyo. "Yeye, yeye, yeye! Kila kitu yeye! Hata kodi ulimpunguzia yeye!"

"Hiyo ya kodi," mama akasema taratibu, "kamuulize yeye."

Nikaondoka kwa hasira, nikapanda bodaboda hadi mtaa niliomsikia akimtajia mama bombani. Nilimkuta Msomi nje ya geti la nyumba mpya, amekalia godoro lake kando ya barabara. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na funguo mkononi, na karibu yake kijana mwingine na begi mgongoni, anaangalia saa. Ilibaki robo saa. Nikampa Msomi pesa bila hata salamu. Akahesabu, akaongeza kwenye yake, akamkabidhi mwenye nyumba. Yule kijana akaguna, akaondoka na begi lake.

Tukabaki wawili na godoro.

"Ufunguo nilikuwa nao mimi," nikasema. "Nilikuwa naingia chumbani kwako."

"Najua, dada." Akanionyesha kifungo cha tatu. "Vingine vyote vimeshonwa kwa mashine. Hiki mtu amekizungushia uzi shingoni mara tatu. Nimekuona ukishona hivyo kila siku nikienda kuoga."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia mama abadilishe kitasa, kuna mtu anaingia. Akalia."

"Nani akalia?"

"Mama yako. Akaniambia, 'Ni mwanangu. Kile chumba nilimnyang'anya, na hajaninung'unikia hata siku moja. Anakwenda kupumzika tu, hataiba. Nivumilie, na usimwaibishe.' Nikamwahidi. Ndipo akanipunguzia kodi. Nilikataa, dada, nakuapia. Akasema hawezi kunitoza kodi nzima kwa chumba tunachotumia wawili."

Nilikosa pa kuweka uso. Ile robo niliyoinunia miezi yote ile, niliyomsema nayo kwa majirani, ilikuwa yangu. Mama alikuwa ananilipia kodi ya kulala kitandani kwangu mwenyewe, na mimi natia pini vitambaa kwa hasira. Na hapo hapo, aibu haijatulia, wivu ukanipanda upya: alilia mbele ya huyu, hakulia mbele yangu.

"Shika upande huo," nikamwambia. Tukaliingiza godoro ndani. Nilipokuwa natoka aliniita.

"Dada, dawa ya macho iko juu ya kabati. Ya leo bado."

Nilimkuta mama kwenye kiti kile kile, mlango wa chumba namba tatu uko wazi nyuma yake.

"Umewahi?"

"Nimewahi."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza." Nikauweka ufunguo kiganjani mwake. Akaupapasa, akanirudishia, akanifumba vidole juu yake. Nilitaka kusema nisamehe, machozi ndiyo yakatoka. Nikaenda kuchukua dawa juu ya kabati.

"Mkono wangu mzito," nikasema.

"Najua," mama akasema, akainua uso. "Tia tu."

Tone la kwanza lilimwangukia shavuni. Hakujifuta, akangoja la pili.